Kelele Hutangulia Picha

Ukitaka kumjua Mkunga, usimtafute kazini. Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwa miaka thelathini na moja amepokea watoto katika zahanati ya mtaa, na hakuna mzazi hata mmoja anayeweza kusema aliwahi kumsikia akipaza sauti. Neno "sukuma" alilitamka kama anayekuomba umsogezee kiti. Wauguzi vijana wakifoka, waume wakihangaika nje ya mlango, yeye ananawa mikono, anakausha kidole kimoja kimoja, ndipo anauliza hali. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikiwa uchi, na hilo hakuliacha lisahaulike. Mwenyekiti wa mtaa akianza kujikweza mkutanoni, Mkunga humtazama tu, na bwana mkubwa hukumbuka kwamba yupo mtu anayejua alikuja duniani akitanguliza makalio.

Lakini Jumamosi, saa kumi na moja jioni, mieleka ikianza kwenye televisheni, huyo Mkunga wa sauti ya chini humwoni tena. Anavuta stuli mpaka pua inakaribia kugusa kioo, na anaanza. Refa ni kipofu. Refa hakulelewa. Refa anyimwe chakula kwao. "Mgeuze! Mgeuze, baba, si upande huo! Kwani macho umeyaacha kwa nani?" Mara mbili amevunja stuli, na mara moja alimwaga chai yote kwenye mapaja asijue mpaka tangazo la sabuni lilipoingia.

Ugonjwa huo aliambukizwa na mama yake. Mama alifua nguo za watu maisha yake yote, na uzeeni, alipopata televisheni, hakutaka taarifa ya habari wala mahubiri wala tamthilia za watu kusalitiana. Alitaka mieleka. Majina ya wapiganaji yalikuwa ya kigeni, hayakumkaa mdomoni, akawabatiza upya, na mtaa mzima ukafuata ubatizo wake. Palikuwa na Mchukuzi, jitu la kipara linalobeba wapinzani begani kama magunia. Palikuwa na Bwana Harusi, aliyeingia ulingoni na suti nyeupe akirusha maua, kisha refa akigeuka tu, anampiga mwenzake na kiti. Mkwe mmoja mjuaji aliwahi kumwambia Mama kwamba yote yale ni maigizo, yamepangwa. Mama akamuuliza, "Anaanguka au haanguki?" Mkwe akasema anaanguka. "Basi," akasema Mama, "nyamaza tutazame."

Walikaa hivi: Mama katikati, Mkunga kulia, na kushoto mdogo wake Mkunga, mshonaji wa sare za shule. Mchukuzi akikabwa shingo, kila binti aliukamata mkono wa Mama uliokuwa upande wake. Jumapili asubuhi Mama alikuwa na alama za kucha kwenye mikono yote miwili, naye alizionyesha kwa majirani kwa majivuno, kama mwingine anavyoonyesha bangili.

Mama alifariki siku ya Jumanne, mchana. Alikuwa ameugua miezi mitatu, lakini asubuhi ile alikunywa uji wote na akaomba achanwe nywele, hivyo hakuna aliyedhani siku ndiyo hiyo. Mkunga alikwenda kazini. Saa sita akaletwa msichana wa mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, na msichana mwenyewe amekwisha nguvu. Saa tisa na nusu mtoto akalia. Saa kumi Mkunga alifika nyumbani na mkoba wake begani, akakuta viatu vya watu vimejaa mlangoni, akajua kabla hajaambiwa.

Wangelia pamoja yakaisha, kama si siku ya tatu. Siku hiyo, mbele ya shangazi, mbele ya majirani, mbele ya watu waliokuja kula tu, mdogo wake alisimama na kusema, "Wewe, dada, umeshika mikono ya mama za watu wote. Wa mama yetu ndio uliokushinda."

Ulimi hauna mfupa, na neno likishatoka halirudi kinywani. Mkunga aliinuka. Alinawa mikono, akaikausha, akaingia ndani.

Kutoka hapo wakanuniana. Nyumba aliyoacha Mama ikagawanywa: ukuta wa matofali ulisimamishwa katikati ya sebule, mlango wa Mkunga ukabaki barabarani, wa mdogo wake ukafunguliwa nyuma, uchochoroni. Televisheni ya Mama, yenye antena kwenye mti mrefu, ilikwenda kwa mdogo. Mkunga akanunuliwa nyingine na bintiye, ya dishi, kubwa kama dirisha. Majirani hawakuingilia. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, walisema, wakachukua majembe yao. Miezi kumi na moja wanawake wawili wa tumbo moja wakawa wanaanika nguo uani bila hata kuulizana hali. Ujumbe wa lazima, wa maji au wa taka, ulipitia kwa shemeji, mume wa mdogo, fundi seremala ambaye kwa siku nzima hazidishi maneno kumi, na hayo kumi humuuma.

Jumamosi, kila mmoja alitazama mieleka upande wake.

Hapo ndipo lilipoanza balaa la kelele. Mchukuzi yupo katikati ya ulingo, hajafanywa lolote, na kutoka upande wa pili wa ukuta Mkunga anasikia, "Yalaa! Mgongo wake jamani!" Anakodoa macho. Mchukuzi bado mzima. Kisha, baada ya pumzi mbili, Bwana Harusi anatokea nyuma na kiti. Wiki iliyofuata vivyo hivyo: kigelegele kwanza, ushindi baadaye. Mkunga alidhani mdogo wake amekuwa mtabiri. Alimwita fundi wa dishi, naye akacheka. "Mama, picha yako inapanda juu mbinguni kwanza, ndipo inashuka kwako. Ya mwenzako inakuja kwa miguu hapa hapa duniani. Lazima akutangulie."

Basi akawa anaujua kila mwisho kabla haujafika. Nani asingekasirika? Jumamosi moja, baada ya kelele tano zilizomharibia mapambano matano, alimvizia shemeji uani.

"Shemeji, mwambie mkeo ananiharibia mchezo. Kama hawezi kutazama kama watu, aufunge mdomo."

Shemeji alikuna kichwa. "Nitamwambia," akasema, akajutia neno hilo moja.

Jumamosi iliyofuata, ukuta ulinyamaza. Mkunga alitazama mieleka kwa raha ya ajabu. Hakujua nani atashinda! Alipiga makelele yake mwenyewe mpaka sauti ikakauka, na akalala akiwa mshindi.

Jumamosi ya pili raha ilikuwa na kasoro, ila hakuweza kuitaja. Mchukuzi aliangushwa, naye akashtuka vibaya, kwa sababu hakuna aliyemwonya. Ya tatu hakushangilia. Alikaa akisikiliza. Aliisogeza stuli mbali na televisheni, karibu na ukuta, akajidanganya kwamba macho yanamuuma. Ukweli ni kwamba katika miezi ile kumi na moja, zile "yalaa" na vile vigelegele ndiyo sauti pekee ya mdogo wake aliyokuwa nayo. Wiki nzima hapati neno, lakini Jumamosi alikuwa anapata. Alikuwa anajua mdogo wake yu mzima, ule ugonjwa wa kifua wa utotoni haujamrudia, ana nguvu za kulaani. Na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, ameomba ule wa mdogo wake ufungwe. Alitamani kumfuata shemeji amwambie aseme vingine, lakini kiburi nacho kina uzito wake, hasa kikishakaa miezi kumi na moja.

Ikaja Jumamosi ya nne. Siku hiyo hata maduka yalifungwa mapema, maana Mchukuzi alikuwa anapambana na Bwana Harusi, na atakayeshindwa anastaafu. Mkunga aliketi kwenye stuli yake hapo ukutani, mikono imemtoka jasho. Dakika ya kumi na mbili Mchukuzi alikuwa chini, uso umelowa damu. Refa akahesabu moja. Akahesabu mbili.

Upande wa pili kitu kizito kikaanguka, pu!

Kisha kimya.

Sasa wewe na mimi tungesema kiti kimeanguka. Lakini Mkunga hakuwa wewe wala mimi. Miaka thelathini na moja, kelele hazijawahi kumtisha. Mzazi akipiga mayowe, mtoto akilia, ni salama. Kitu kilichomnyima usingizi wiki nzima kila kilipotokea ni kimya. Alisubiri pumzi moja, mbili, tatu. Hakuna kilio, hakuna "jamani", hakuna hata mtu wa kumkemea refa. Kwenye televisheni mkono wa refa ulikuwa hewani, unashuka kwa mara ya tatu, naye Mkunga hakuuona ukifika. Alikwapua mkoba wake nyuma ya mlango na kutoka mbio.

Na mbio zenyewe, kwa magoti yale! Kwa sababu ya ukuta wao wa kijinga ilibidi azunguke: barabarani, kona ya duka la mkaa, kisha uchochoroni kwenye maji machafu. Kiatu kimoja kilibaki hapo. Njia nzima alikuwa anasema kwa sauti, bila kujua anasema, "Subiri. Nakuja. Subiri, mdogo wangu."

Hakupiga hodi. Aliusukuma mlango kwa bega.

Kiti kilikuwa kimelala sakafuni. Shemeji alikuwa amesimama juu ya meza, mikono hewani, kinywa wazi, hatoi sauti. Na mdogo wake alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni ya Mama, amejishindilia mdomoni kipande kizima cha kitambaa cha sare za shule, mashavu yamefura, macho yamemtoka, machozi yanatiririka.

Mkunga alimdaka kifundo cha mkono na kuanza kuhesabu mapigo.

"Umeanguka wapi? Umemeza nini? Toa. Toa hicho kitu mdomoni!" Akakivuta mwenyewe. Kilitoka taratibu, kirefu, cha rangi ya buluu. "Kifua kinabana? Nijibu!"

"Sina kitu," alisema mdogo wake akihema. "Nilikuwa nimeruka. Kiti kikaanguka."

"Na hiki kitambaa?"

"Si ulisema nakuharibia mchezo? Wiki ya nne hii natafuna vitambaa vya watu. Suruali mbili za darasa la tatu nimezitoboa."

Mkunga alitazama meza, akamtazama shemeji, ambaye alikuwa anashuka polepole kwa aibu. Akakaa hapo hapo sakafuni, mkoba mapajani.

"Nilidhani unakufa," alisema.

Mdogo wake aliutazama mguu usio na kiatu, matope mpaka kwenye goti. Kisha akageukia televisheni, ambako watu walikuwa wanarukaruka, kisha akamrudia dada yake, kana kwamba hesabu inakataa.

"Dada. Umeacha pambano?"

"Nimeacha."

"La leo? La Mchukuzi?"

"Kuna lingine?"

"Refa alikuwa amefika ngapi kwako?"

"Mbili. Sijui, mbili na nusu. Mdogo wangu, unaniuliza nini wewe? Nilisikia umenyamaza!"

Hapo mdogo mtu uso ukamkunjamana. Aliinamisha kichwa, na alipoanza kusema, alikisemea kile kitambaa kilicholowa mate.

"Mama alikuulizia siku ile."

Shemeji alienda kuipunguza televisheni sauti, akatoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Alikuulizia saa saba hivi," aliendelea mdogo. "Nikamwambia uko zahanati, nimtume mtu akuite. Nilikuwa nimeshavaa viatu nije mwenyewe. Akanishika nguo. Akasema, 'Usimwite. Kule kuna mtoto. Mwache amalize kazi yake, mimi nina wewe.' Alisema vile, dada, wala hakuwa na huzuni. Kisha akasema, 'Huyo ni binti yangu, hawezi kumwacha mtu katikati.' Akalala. Hakuongea tena."

Mkunga bado alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake, na hesabu ya mapigo ilikuwa imempotea.

"Sikukuambia," alisema mdogo wake. "Nilijua nikikuambia utapumzika, na mimi nilikuwa sitaki upumzike. Mimi ndiye niliyebaki naye peke yangu, nilimfumba macho peke yangu, niliogopa mno. Nikataka na wewe uumie. Nisamehe."

Uchochoroni watu walikuwa wanaimba jina la aliyeshinda, na wale wawili, mashabiki wakubwa kuliko wote mtaani, hakuna aliyegeuza shingo.

"Rudia," alisema Mkunga.

"Nini?"

"Alichosema. Neno kwa neno, kama alivyosema."

Mdogo wake akajifuta pua na kurudia, kwa sauti ya Mama, na lile neno "mtoto" akalivuta kama Mama alivyokuwa akilivuta. Mkunga alisikiliza akiwa amefumba macho, machozi yakimteremka mpaka kidevuni, asiyafute.

"Tena," alisema.

Akarudia tena.