Maikrowevu Isiyopika

Nilirudi Shinyanga na stashahada ya ufundi wa vifaa tiba. Niliisomea India, nikifua nguo za wenzangu bwenini ili nile. Wa kwanza kusoma nje katika ukoo wetu ni mimi, nalisema bila haya. Kwa hiyo mradi mmoja wa majaribio ulipoleta kwetu mashine ya kupiga picha za matiti kwa mawimbi ya maikrowevu, fundi hakutafutwa mbali.

Kosa nililifanya siku ya kwanza. Nilisimama mbele ya akina mama nje ya zahanati, nikawatangazia kwamba mashine hii inatumia mawimbi yaleyale ya jiko la maikrowevu. Nilitegemea makofi. Walisogea nyuma, na kesho yake benchi lilikuwa tupu.

Kilichoniuma ni shangazi yangu wa Ngokolo, aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama punje ya choroko, naye pia akagoma. Nilimfuata nyumbani, nikamwamkia, nikambembeleza.

"Titi hili limenyonyesha watoto saba," akasema. "Leo wewe unataka kulipasha kama wali wa jana?"

Binti zake walicheka mpaka wakashika ukuta. Nikamweleza kwamba nguvu ya mawimbi yetu ni ndogo kuliko ya simu anayoweka sikioni. Akajibu kwamba hata simu humchoma sikio.

Stashahada ilikuwa imegonga mwamba, nikatumia akili ya kuzaliwa. Nilimwomba achukue yai la kuku wake mwenyewe, alitie alama ya mkaa nisije nikalibadilisha, aje nalo zahanati.

Alikuja nalo, pamoja na majirani sita waliotaka kuiona aibu yangu. Mashine ile ina kitanda chenye tundu. Mama hulala kifudifudi, titi likaingia kwenye kikombe kilichozungukwa na antena. Nililiweka yai kikombeni, nikawasha, tukangoja mpaka picha ikamilike. Kisha nikamkabidhi. Shangazi alikagua alama yake, akalipasua juu ya sahani. Ute ulimwagika mbichi kabisa, ukamlowanisha vidole.

Aliutazama kwa muda, akajifuta kwa khanga. "Haya. Nionyeshe pa kulala."

Uvimbe wa namna ile huwa na maji mengi kuliko mafuta yaliyouzunguka, hivyo hurudisha mawimbi kwa nguvu. Kwenye skrini ulijitokeza kama doa jekundu. Mimi si daktari na sikujifanya daktari. Daktari aliitazama picha, akamwandikia kwenda hospitali kubwa, huko wakakata kinyama wakakipima. Ilikuwa saratani, bado changa. Waliutoa uvimbe, titi likabaki, na vipimo vya karibuni vimekuja safi.

Majirani wote sita walipimwa siku ileile ya yai. Sasa wanakuja hadi wa kutoka Chato, na benchi halitoshi.

Shangazi hujipa kazi ya kuwapokea mlangoni. Juzi nilimsikia akizungumza na mke wa mchimbaji wa Geita, aliyekuwa akisita kuingia.

"Ingia, mama. Fundi wa humu ni mwanangu, na ndiye aliyenipima hata mimi."

Nilikuwa nyuma ya pazia nikikaza skrubu. Nikaiacha, nikatoka nje ili anayesifiwa aonekane.