Khac Tuong wa Ke Say na Mtungi wa Mama Yake

Alizaliwa mwaka wa Paka, kijijini kwetu Ke Say katika bonde la Mto Sai, wala si katika kasri la baba yake mfalme. Mama yake, Bi Bich, alikuwa mfuma hariri aliyefanywa suria, kisha akarudishwa kwao na mimba yake kwa sababu wake wakubwa hawakutaka kumwona. Basi mwana wa mfalme akakulia kwenye matope ya mpunga, akachunga nyati, akabeba udongo wa kuzibia tuta la mto kama watoto wote wa hapa. Tunashukuru kwa hilo. Asingeujua uzito wa kikapu cha udongo, asingetujua na sisi.

Alipokuwa kijana, baba yake alimkumbuka akamwita mji mkuu. Ndugu zake walimcheka mbele ya wageni: "Wewe mtoto wa tope, kanawe miguu kwanza!" Naye akajibu, "Tope hili likiisha, nyinyi mtakula nini?" Hawakumpenda, lakini vita vilipoanza mpakani walimtafuta yeye, na alipofanywa jemadari hakuna aliyecheka tena. Akiwa huko mpakani, mama yake alifariki. Habari ilimfikia mazishi yamekwisha. Alilia mbele ya askari wake bila kuficha uso, akaapa: "Sikumzika. Basi nitamwosha." Kwani kwetu, miaka mitatu ikitimia, mtoto huifukua mifupa ya mzazi wake, akaiosha kwa maji ya manukato na kuihifadhi mtungini. Deni hilo halilipwi na mtu mwingine.

Mwaka huo wa tatu ndipo majeshi ya Kaskazini yaliposhuka, mengi kama nzige. Njia yao ilipita bondeni Ke Say, na hapakuwa na namna ya kuwazuia ila kukata tuta na kuufungulia mto. Lakini bondeni ndiko walikolala wafu wetu, na mfu aliyefunikwa na mafuriko kabla hajatolewa hubaki bila nyumba milele. Wanakijiji wakalala juu ya tuta. "Kata shingo zetu kwanza!" walipiga kelele. Jemadari akashuka farasini, akapiga magoti kwenye udongo. "Kawatoeni wazazi wenu," alisema. "Askari wangu watachimba pamoja nanyi. Sitakata mpaka mniambie mmemaliza."

Kaburi la Bi Bich lilikuwa mbali kuliko yote, kwenye miforosadi. Alikusudia kwenda mwisho. Siku ya pili vumbi la farasi wa adui likaonekana, na bado familia moja ilikuwa inachimba huku watoto wanalia, naye akawapa wachimbaji aliokuwa amejiwekea mwenyewe. Msaidizi wake Dao akamletea farasi. "Mtukufu, nenda ukamchukue mama. Haraka!"

"Nikiondoka hapa, watadhani nimekimbia," alijibu. Kisha akapaza sauti, "Yupo aliyebaki?"

Bibi Nhan, mjane wa mvushaji Cot, alikuwa akipanda tuta akiwa wa mwisho, amekumbatia mtungi uliofungwa kitambaa. "Tumemaliza," alisema. "Kateni."

Khac Tuong akageukia miforosadi, akainama. "Mama, nisamehe." Jembe la kwanza alilipiga yeye mwenyewe.

Mto ukawameza adui na farasi wao, na nchi ikapona. Mfalme alimpa mashamba na vyeo. Yeye akarudi Ke Say, akawa anakaa juu ya tuta akitazama maji, chakula hakipiti. Hapo ndipo Bibi Nhan alipomjia, akatema tambuu, akauweka mtungi miguuni pake.

"Umekonda vibaya, wewe. Haya, chukua mama yako."

"Mama yangu?"

"Nilimfukua mimi. Mwaka wa njaa alininyonyeshea mwanangu, ningemwachaje? Sijamwosha lakini. Hiyo kazi yako."

Akaukumbatia mtungi. "Na Mzee Cot?"

"Cot!" Akacheka. "Maisha yake yote yuko majini, nyumbani hakai. Mwache aendelee." Kisha kicheko kikamkatikia, akajifunika uso kwa kofia yake ya majani. Mikono yake ilikuwa miwili tu, na ilitosha kaburi moja.

Khac Tuong alimwosha mama yake siku hiyo hiyo, akilia kwa furaha na kwa aibu. Maji yalipopungua alichota tope la bondeni alikobaki Mzee Cot, akalitia katika mtungi mpya, akauweka kwenye madhabahu ya ukoo wa kifalme kando ya mama yake, na akausujudia kama mtoto anavyomsujudia baba mpaka alipofariki, mzee sana, mwaka wa Nyati. Bibi Nhan naye alimtunza nyumbani mwake kama mama hadi bibi alipofariki, ingawa bibi alimlalamikia kila siku kwamba wali wa kifalme hauna ladha. Pale alipopiga jembe, tuta halijabomoka tena. Na waliopotea njia kwenye mafuriko wakaokoka husimulia kwamba walivushwa na mzee mmoja asiyedai nauli.

Siku ya sikukuu yake watu huja katika hekalu tulilomjengea Khac Tuong na haja nyingi: mtoto, mvua, cheo. Mtunza hekalu huwazuia wote mlangoni, mkulima na mkubwa sawasawa, kwa amri ya mtakatifu mwenyewe. Udi wa kwanza si wake. Washa wa Mzee Cot, umshukuru aliyebaki majini ili mama wa mwenzake atoke, ndipo uingie uombe.