Mjomba alisema yuko angani siku mbili, bibi akaharibika sebuleni

Huwa nasoma visa vya wenzangu humu na kunyamaza, leo nimeshindwa. Mimi ni msichana wa miaka 17, kidato cha nne, kijiji kimoja karibu na Mhunze. Si mwongeaji. Nyumbani wananijua kwa vitabu, na shughuli za ukoo zikitokea mimi ndiye napewa risala nisome.

Bibi, mzaa mama, alifariki mwezi uliopita. Mama ndiye aliyemuuguza. Kifungua mimba wa bibi ni mjomba wangu anayeishi Johannesburg, na kwetu kaburi halifukiwi kabla kifungua mimba hajatupia udongo. Alhamisi asubuhi akapiga simu: "Ndiyo napanda ndege. Mtoeni mama mochwari, jioni nipo hapo." Tukamleta bibi nyumbani.

Jioni akatuma ujumbe kwamba bado wako angani, hali ya hewa mbaya. Ijumaa asubuhi, bado angani! Nikachukua atlasi yangu, nikapima kwa rula. Johannesburg hadi Dar ni kama kilomita elfu mbili na mia tano, ndege haimalizi saa nne. Dar hadi Mwanza ni saa moja na nusu tu.

"Mama mdogo," nikanong'ona, "ndege haiwezi kukaa juu tangu jana. Mafuta yangeisha."

"Profesa, wewe ndege umepanda lini? Basi la Mwanza tu unatapika!"

Wanawake wakacheka, msibani pale pale. Nikarudi zangu ndani.

Joto la kwetu mnalijua. Kufika mchana jeneza lilikuwa linavuja. Mama alifuta sakafu kwa kanga yake, akifukuza nzi na kurudia, "Mayu, nisamehe mama yangu, mwanao yuko njiani." Mimi nilitapika nyuma ya nyumba.

Mjomba alifika alasiri, suruali imenyooka kwa pasi, ananukia manukato. Akasimama mlangoni, leso puani, akamwambia mama: "Yaani mmeshindwa hata kumtunza mama vizuri?" Mama akapiga magoti kuomba radhi.

Baada ya mazishi nilimpelekea dereva wake maji ya kunawa, nikampa pole ya kutoka uwanja wa ndege Mwanza.

"Mwanza ya wapi, mdogo wangu? Bosi niko naye Kahama tangu Jumatano, tunasubiri watu wa dhahabu kutoka Bugarama. Tumekula nyama choma mpaka tumekinai."

Kahama! Kwa gari ni saa chache tu. Alikuwa anatafuna nyama huku mama yake anaoza akimsubiri.

Tangu hapo nikisikia hata sauti yake kwenye simu natoka nje. Mama kila siku ananawa mikono kwa sabuni ya mche, anasema harufu haijatoka, na kwamba ni yeye aliyemdhalilisha mama yake.

Jumamosi ijayo tunaweka msalaba kaburini. Nimeshapewa risala, na kuna mstari wa kumshukuru mjomba "aliyevumilia siku mbili angani kwa upendo wa mama yake." Nikiusoma, nitakuwa nimemtemea bibi mate. Nikisema ukweli mbele ya watu, ukoo utapasuka, na mama atajua kaka yake alimfanyia nini.

Nishaurini ndugu zangu: nisome, nigome, au nianze na mama? Sijawahi kumkatalia mtu mzima jambo lolote. Hata sijui mtu huanzaje.