Yule wa Kuachwa Jambiani

Mwezi uliopita nilikwenda Jambiani harusini, na gari ilipofika Fuoni nikageuka kuitafuta nyumba ya somo yake bibi, msiri wake tangu usichana. Haipo. Pana duka la vigae. Mume wangu akaniuliza mbona nimebadilika uso, nikashindwa kumweleza kwa haraka. Nikueleze wewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Ng'ambo, baba, mama, mimi na bibi mzaa mama. Adhuhuri moja nilikuwa nachagua mchele ukumbini, nikamsikia mama akimwambia baba jikoni, "Tutamwacha Jambiani. Nguo zake nshazikunja."

Baba akasema ataazima gari, na njiani tupite kwa jamaa wote wapate kumuaga.

Mchele ukanimwagikia. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa chuoni alikuwa amemwita mama kumshitakia utoro wangu wa Kurani, na mama aliniambia waziwazi kwamba nimemchosha. Tena binti wa jirani, tuliyekaa naye dawati moja skuli, alipelekwa shamba kwa shangazi yake, eti kutembea tu, na huko huko akalelewa. Sikumuona tena. Basi sikuwa na haja ya kuuliza anayeachwa ni nani.

Tuliondoka asubuhi, bibi kakaa dirishani, mimi nimebanana na kapu la mikate ya kumimina. Harufu yake ya iliki, niliyokuwa nikiipenda sana, siku hiyo niligeuza uso nisiisikie. Kule Fuoni somo yake bibi alitukaribisha kwa chai ya maziwa na vitumbua vya moto. Sikumeza hata kimoja. Niliinuka nikaosha vikombe bila kutumwa, nikafagia ua mzima, ili mama aone kwamba nafaa kukaa nyumbani. Niliporudi nikamkuta yule somo kashika mikono ya bibi, analia. Akanipangusa jasho na kanga yake, akasema, "Masikini, mtoto huyu." Nikauchukua tena ufagio.

Tunguu, kwa ami yake baba, sikushuka kabisa. Nilijilaza chini ya kiti cha nyuma, nikisikia kuku akikimbizwa uani na watu wakiulizana hali. Kila sauti ilipoisogelea gari nilidhani ndo wanakuja kunitoa.

Karibu na Jozani injini ilichemka, baba akasimama kando ya barabara. Wakati wazee wangu wakitazama kima punju wakichuma majani juu ya miti, mimi niliingia msituni. Nilikwenda mpaka barabara sikuiona tena. Chini mlikuwa na giza la majani na unyevunyevu, na kitu kikawa kinavunja vijiti nyuma yangu. Mama akaniita, tena na tena. Nikaziba mdomo kwa viganja viwili.

Kisha akaita bibi, mara moja tu, kwa sauti yake ya kawaida.

"Naam," nikaitika. Lilinitoka lenyewe. Ndiye aliyenifundisha kuitika.

Alikuja polepole, kifua kikimpigia filimbi, akakaa juu ya mzizi. Nikamwambia yote. Nikamwapia kwamba chuoni nitakwenda kila siku, nisiachwe tu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Si wewe, mwanangu," akasema. "Anayebaki ni mimi. Nshachoka. Nnataka nikae kwetu, na dada yangu."

Nitakwambia ukweli, kwa sababu sijapata kumwambia mtu. Nilifurahi. Nilimkumbatia kwa furaha, naye akanipapasa mgongo kama kwamba wa kupozwa ni mimi.

Jambiani nilikula pweza wa nazi mpaka nikalegea. Mwani ulikuwa umeanikwa uani, ukinuka chumvi, na watoto wa pale wakanifundisha kuugeuza. Jioni tulipoondoka, bibi na dadake walisimama mlangoni, bega kwa bega. Mimi nikakaa dirishani, pale pake, nikapunga mkono, nikaimba nyimbo za skuli hadi Tunguu. Hakuna aliyeninyamazisha. Mama alitazama mbele njia nzima.

Bibi hakuifikia Ramadhani.

Ami yake baba alifuata, kisha yule somo, kisha dada wa bibi. Njia ile ilikuwa na milango ambayo hukuweza kuipita bila kupiga hodi na kunywa chai. Siku hizi kutoka mjini mpaka Jambiani ni mwendo wa saa moja, hatusimami popote. Mama sasa amefika umri wa bibi, na kifua chake nacho kimeanza kupiga filimbi. Wiki iliyopita, tumekaa jikoni, ameniuliza kama barabara ya Jambiani ni nzuri siku hizi. Nikamjibu kwamba ina mashimo sana.