Aliyeitikia Karibu Yangu

Haya yamenifika mimi mwenyewe, mchana kweupe. Asiyetaka kuamini basi, lakini mwanangu yupo, aje amtazame.

Niliolewa mara ya pili katika kitongoji cha nyumba saba, ndani ya mikarafuu, nikaja na mwanangu Zuhura wa miaka minne. Wiki ya kwanza tu nikaona ajabu: ikishaadhiniwa adhuhuri, kila nyumba hufunga mlango ndipo watu wale. Nikasema moyoni, uchoyo gani huu? Kwetu Mkoani tunakula barazani. Nikamuuliza mama mkwe, Bi Mwanaidi. Akanijibu, "Ndo tulivyozoea." Basi.

Siku moja wenzangu wote walikwenda mazikoni. Nikatandika jamvi barazani, nikapakua wali na mchuzi wa pweza, tukala mimi na Zuhura. Akapita bibi mmoja kajitanda kanga, kashika kikapu kitupu. Nikamwambia, "Karibu tule, bibi." Na wewe unajua, karibu ile ni adabu tu, mtu hujibu, "Ahsante, nshakula," akapita zake. Huyu akaja akaketi.

Wallahi alikula sana. Tonge baada ya tonge, na sahani haikupungua hata punje. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Kisha akalichukua tonge mkononi mwa Zuhura, akalila, akamfuta mtoto mdomo kwa kidole. "Leo nshashiba," akasema. "Muda mwingi sijakaribishwa." Akaondoka. Nilipouonja ule wali, haukuwa na chumvi wala ladha, kama kutafuna karatasi.

Tangu hapo Zuhura hali mchana. Ikifika adhuhuri hukaa mlangoni akatafuna mdomo mtupu, na ukimtia chakula anatema. Mbavu zinahesabika. Tumemsomea, tumempeleka hospitali, bado.

Yule bibi simlaumu, nilimwita mwenyewe. Ninaowakasirikia ni hawa wa nyumba saba. Walipokuja kunipa pole nikawauliza, mlikuwa mkijua? Bi Mwanaidi akasema, "Tuliona haya, mwanangu. Tungelikwambia, ungelirudi kwenu."

Ningelirudi, ndiyo, na mwanangu angekuwa anakula.

Kwa hiyo wewe mgeni, ukiona watu wanafunga mlango, uliza, na ukijibiwa nusu, uliza tena. Na wewe mwenyeji, haya yako kaa nayo kwa mambo yako. Mgeni mwambie siku ya kwanza, kabla hajainjika chungu.