Kiti cha Nani

Hii nawasimulia mwenyewe kabla Tausi hajaifikia, maana Tausi akianza huongeza chumvi, na mkasa huu jamani hauhitaji chumvi, ulivyo tu unatosha kumfanya mtu mzima ajifunike kanga gubigubi mchana kweupe. Niliaibika. Tena niliaibika nchi ya watu, ufukweni, Jumapili, mbele ya ukoo mzima, nikiwa nimesuka nywele mpya, na hakuna aliyenisukuma, ni wivu wangu tu (Tausi anasema niongeze: na kiburi, haya, na kiburi).

Ilikuwa ile miaka ya mwisho mwisho ya tisini, simu ya mkononi bado ni kitu cha mabosi. Kiwanda chetu cha sabuni hapa Dar kilikuwa kimenunua mashine mpya ya kufungia sabuni, na mimi na Tausi tukachaguliwa kwenda Durban, Afrika Kusini, kujifunza kuiendesha kwenye kiwanda kimoja kule Jacobs, mtaa ambao ni mabomba na moshi mtupu. Sasa muelewe kitu kimoja kuhusu mimi na Tausi. Tulianza kazi pamoja, tumesimama kwenye laini moja miaka nenda rudi, hotpoti ya mchana moja, siri moja, na nilipoachika alihamia kwangu mpaka nilipoweza kula tena. Kwa hiyo nilipopanda ile ndege nilijua naenda na mtu wangu.

Loo! Kule tukamkuta Reshma.

Reshma ndiye aliyekuwa akitufundisha mashine. Mhindi wa hapohapo Durban, wazee wake waliletwa zamani kulima miwa, India yenyewe hajaikanyaga, na Kiswahili hajui hata chembe (mimi niliyezoea Wahindi wa Kariakoo nilimwambia "Hujambo mama" siku ya kwanza, akaangalia viatu vyangu kuona kama nimeangusha kitu). Mzuri, mcheshi, ana kile kicheko cha kumfanya mtu ajione amesema jambo la maana. Na Tausi akanogewa! Mara wanakunywa chai pamoja, mara Tausi anamfundisha Kiswahili, "karibu", "asante", "twende zetu", na Reshma anayarudia kwa sauti ya puani, wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nimekaa pembeni na hotpoti yangu, nusu ya wali imebaki kwa sababu mwenye nusu yake anakula sambusa za Reshma. Sisemi ilinikera. Nasema iliniuma, hapa.

Ndipo likaingia hilo neno. Siku moja nipo nyuma ya mashine nafuta vumbi, nikawasikia upande wa pili wakiongea Kiingereza, na Reshma akasema, "Lakini Nani miguu inamvimba, hawezi mwendo mrefu." Nikasimamisha kitambaa. Si mnajua sisi tukitaka kumsema mtu aliye karibu hatumtaji jina, tunasema "yule nani", na mwenye kujua anajua? Na pale kiwandani miguu iliyovimba kwa kusimama kutwa ilikuwa ya nani kama si yangu? Nikajiambia, ahaa, Tausi keshamfundisha mwenzake Kiswahili cha kunisemea.

Toka hapo masikio yangu hayakulala. "Nani akinuna hasemi neno, anatazama ukuta tu." (Mimi huyo.) "Nani lazima akae kiti cha mbele, nyuma atatapika." (Mimi huyo, muulizeni dereva yeyote.) Halafu likaja la kunimaliza: "Nani anakoroma mpaka majirani wanalalamika," na Tausi akacheka, akacheka huyo, mpaka akashika mbavu. Sasa niambieni nyinyi, Durban nzima ni nani aliyejua nakoroma, kama si mtu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja kule Point tulikopanga?

Jumamosi nikaenda kusuka kwa mama mmoja Mkongo, jirani na pale tulipopanga, nikamwaga yote huku ananivuta nywele. Nikamwuliza, "Hivi kwenu Kongo, nani maana yake nini?" Akasimamisha kichana. "Nani? Nani njo nani, mama! Banakusema weye. Nani tena?" Akakaza msuko mmoja mpaka machozi yakanitoka, akaongeza, "Ule rafiki yako iko mubaya. Pole sana." Basi nikawa nimepata na shahidi.

Jioni hiyo Tausi akaja kukaa kitandani kwangu. "Mwaju, kesho Reshma anatutembeza mji, halafu kuna..."

"Najua," nikamkata.

"Unajua? Kumbe Reshma alikwambia habari za Nani?"

"Habari za Nani nazijua zote, usinieleze."

Akanitazama, akasema, "Haya mwaya, kama unajua," akarudi kitandani kwake. Hapo ndipo, jamani. Ningeuliza tu, "Nani ni nani?", mkasa mzima ungeishia pale kitandani. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mtu mwenye wivu haulizi, yeye anajua tayari.

Asubuhi Sipho, dereva wa kiwanda, Mzulu mmoja mpole aliyekuwa akiniita Mama kwa adabu zote, akaja na kombi. Nilikuwa wa kwanza kutoka, nikakaa mbele. Reshma akachungulia dirishani akasema, "Baadaye kiti hicho tutampa Nani, sawa?"

"Nani keshakaa," nikamjibu kwa Kiswahili kikavu.

"Amesema Nani!" Reshma akamwambia Tausi, amefurahi kweli, kama mtoto. Nikaona loo, sasa wananifanyia kejeli mbele ya macho yangu.

Tukazungushwa. Soko la viungo, pilipili zimepangwa vilima vilima mpaka unapiga chafya kabla hujauliza bei. Greyville, farasi wa mashindano tukawaona kwa mbali kupitia uzio. Mwisho tukashuka ufukweni, na pale kuna riksho, mkokoteni wa magurudumu mawili unaovutwa na mwanamume aliyejivika pembe za ng'ombe kichwani na shanga mpaka magotini, anakimbia, anaruka, abiria wanabaki miguu juu wanapiga kelele. Nafasi ni mbili. Nadhani mmeshajua waliopanda. Mimi nilipewa kamera na mikoba. "Tupige picha, Mwaju!" Nikawapiga. Filamu iliposafishwa baadaye, wale wawili walikuwa hawana vichwa, na wala si kwamba sikujua kutumia kamera.

Riksho likaenda zake mbali, Sipho akaondoka na kombi akisema kuna mtu anakwenda kumchukua, na mimi miguu inawaka moto. Reshma alikuwa ametuonyesha mwavuli mkubwa mwekundu, kwamba pale ndipo walipo ndugu zake, tutakula nao. Nikajikokota mpaka mwavulini. Sikukuta mtu, wote walikuwa wamekwenda kwenye magari kuteremsha masufuria. Nilichokuta ni kiti. Si kiti cha plastiki, kiti cha nyumbani, cha mbao, kina mikono na mto wa hariri, kimeelekezwa baharini, na mgongoni kimetundikwa koja la maua ya rangi ya chungwa. Mbele yake meza, juu ya meza keki, na juu ya keki wameandika kwa Kiingereza, kwa sukari ya waridi: heri ya kuzaliwa, Nani.

Moyo ukanilipuka. Mjue mimi siku yangu ya kuzaliwa siijui, mama alikuwa akisema tu ilikuwa msimu wa mihogo, lakini nilipokata pasi ya safari karani alinibandikia tarehe yake, na tarehe hiyo iliangukia wiki hiyohiyo, na pasi yangu Reshma aliishika siku ya kwanza alipotuombea vibali vya getini. Wee! Yote yakajipanga. Kunong'ona, kucheka, kunificha ficha, kile kiti cha mbele: hawakuwa wananisengenya, walikuwa wananiandalia! Tausi wangu! Nikalia palepale. Na siwafichi, katikati ya machozi yale nilijiona nimeshinda, nikamwambia Reshma moyoni, umeona sasa mwenye rafiki ni nani?

Nikakaa. Kiti kikanipokea vizuri. Nikavaa na koja.

Wakarudi shangazi na wajomba na masufuria yao ya biriani, wakanikuta nimetulia na maua shingoni, wakasimama. Mama mmoja akaniuliza kwa heshima, "Samahani, wewe ni...?"

"Mimi ndiye Nani," nikasema kwa Kiingereza changu cha shule, na tabasamu juu.

Mjomba mmoja akaweka sufuria chini polepole. Na mimi nikadhani kimya kile ni cha kungoja hotuba, basi nikasimama nikahutubia. Nikasema nawashukuru sana, najua mlinisema miguu, mkanisema kununa, mkanisema na kukoroma, lakini leo moyo wangu mweupe, nimewasamehe wote, hata Reshma. Watu wengine wa ufukweni walikuwa wameanza kusogea wakidhani ni mahubiri, na mmoja akasema, "Amina!" Nikakaa tena.

Mara nyuma yangu sauti ya Reshma ikaita kwa furaha, "Nani! Nani!"

"Abee!" nikaitika kwa sauti ya juu, nikageuka.

Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa anamkimbilia bibi kizee mdogo aliyevaa sari nyeupe, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye mkono wa Sipho, anakuja taratibu juu ya mchanga, na miguu yake jamani, imevimba. Kwa akina Reshma bibi mzaa mama huitwa nani. Basi. Kama sisi tunavyosema bibi.

Nilitaka mchanga unimeze, mchanga ukakataa. Nikanyanyuka nivue lile koja, koja likanasa kwenye misuko mipya, nikavuta, likazidi kunasa, na Sipho nikamsikia, "Eish, Mama," kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. Reshma ameziba mdomo kwa mkono. Tausi amesimama tu. Nani akafika mpaka mbele yangu, akanitazama kuanzia viatu mpaka maua.

"Kaa," akasema.

"Hapana, bibi, nisamehe, hiki ni kiti chako..."

"Nimesema kaa. Nilipokuwa na mimba ya mama yake huyu," akamwelekezea Reshma fimbo, "nilichoka nikakaa kwenye benchi la ufukwe huu, benchi la Wazungu, na askari akaja akaniinua mbele ya watu. Nikaapa sirudi. Hata walipofungua kwa wote sikuja. Leo hawa wamenibembeleza, nimekuja, na sitaanza kwa kumwinua mtu. Leteni kiti kingine." Halafu akaninyooshea kidole kifuani. "Lakini koja langu nipe."

Ilibidi shangazi wawili walichomoe ua moja moja, mimi nimeinamisha kichwa kama mtoto anayetolewa chawa, ukoo mzima unatazama, na sasa walikuwa wanacheka, na walikuwa na haki.

Tausi hakucheka. Alikuja akachuchumaa kando ya kiti, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Kwa hiyo siku zote hizi ulidhani nakusengenya?"

Nikaokota ua lililoniangukia mapajani.

"Tunalala chumba kimoja, ukanyamaza?"

"Ulikuwa na Reshma," nikasema, na sauti ilivyonitoka nilijionea haya mwenyewe.

Akachora chora mchangani kwa kidole. "Mwaju, mimi nikitaka kukusema nakusema usoni. Unakoroma. Unanuna. Viatu vyako jioni havivumiliki. Yote hayo si nimekwambia miaka yote? Leo hujanijua bado?"

Hilo lilinichoma kuliko koja, kuliko hotuba, kuliko kila kitu, kwa sababu lilikuwa kweli. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Nimekusamehe wewe, na hata Reshma," kwa ile sauti yangu ya hotuba, halafu akanong'ona, "Abee!" na hapo ndipo alipoanguka mchangani kwa kicheko, nikajua nimepona.

Mchana kutwa nilikaa karibu na Nani, kiti na kiti, miguu yetu minne imeinuliwa juu ya kreti ya soda, sahani ya biriani katikati. Hakuongea sana, alikuwa anatazama bahari. Baadaye akasinzia akaanza kukoroma, na kweli, majirani walikuwa na haki ya kulalamika, Reshma akanikonyeza, na mimi, hamtaamini, nikamkonyeza.

Sasa nimeapa. Nikisikia nasemwa, nauliza kwanza, hata swali likiwa la kijinga. Na mlangoni kwa mtu sijibu tena "mimi", sijibu kamwe. Tausi anajua, na ndiyo maana mpaka leo nikibisha hodi kwake, ingawa nyayo zangu anazitambua toka barabarani, lazima aulize kwa kuvuta, "Naaani?"

"Mwajuma binti Saidi," nasema, "si mwingine."

Nasikia ndani anaburuta kitu sakafuni. "Pita," anasema. "Kiti chako hiki hapa."