Pumzi ya Mtani

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunifanya nigeuze uso: harufu ya mpira wa maji ulioanikwa juani tangu asubuhi, kisha ukalowa ghafla. Juzi nilipeleka pikipiki ya kazini kuoshwa, pale wanapooshea bodaboda kwenye njia ya kwenda Matogoro. Muoshaji alipotaka kupaka sabuni hakujisumbua kwenda kufunga koki. Aliukunja tu mpira, akaubana kiganjani, maji yakakata. Nilimlipa hela yake yote nikaondoka na pikipiki yenye tope upande mmoja, naye akabaki ananishangaa.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo. Nikianza na mpira mtanielewa vibaya, au mtanielewa vizuri kabla mimi mwenyewe sijawa tayari.

Nilikulia Lizaboni, kwenye ua wa bibi yangu mzaa baba. Bibi alikuwa mjane, Mngoni kindakindaki, mtu wa misa ya kwanza, mwenye vyumba vitano vya kupangisha na ulimi usio na mfupa. Wapangaji wake wengi walikuwa walimu na wauza mitumba kutoka mikoa mingine, watu wa kufunga milango yao na kusema "hodi" kwa sauti ndogo. Halafu mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, wakaja watu wa ziwani: Baba Edina, Mama Edina, na Edina mwenyewe, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja kama mimi.

Hao walikuwa wameishi ndani ya boti. Sisemi walikuwa na boti. Nasema waliishi humo. Walikuwa wakizunguka kati ya pwani ya Nyasa na kisiwa kidogo cha mawe, wakinunua dagaa huku na kuwauza kule, wakipika humo na kulala humo, na Edina alijifunza kutambaa humo akiwa amefungwa kamba kiunoni. Kisha upepo wa siku moja ukaibamiza boti kwenye mwamba, ikabaki kuni. Baba Edina akapanda Songea kutafuta mbao za boti nyingine, na kitu pekee alichopanda nacho ni kile alichofundishwa na ziwa, yaani kuzama na kukaa chini ya maji bila kupumua.

Tuliwatazama kama sinema. Chumbani kwao hakuna kilichokaa sakafuni. Sufuria, viatu, Biblia, unga wa muhogo, vyote vilining'inia darini kwa kamba, kwa sababu kwenye boti ukiweka kitu chini kinalowa. Walilala watatu mzungu wa nne, huyu kichwa yule miguu, mkeka mmoja, ingawa chumba kilitosha mikeka mitatu. Edina alitembea ametanua miguu kidogo, akisubiri ardhi icheze. Sisi watoto wa uani tulimwiga mwendo wake tukienda kisimani, na yeye alicheka pamoja nasi, kwa hiyo tukaendelea.

Bibi alifurahi kupita kiasi, kwa sababu alikuwa amepata watani. Wasiojua, niwaambie: kwetu mtani ni mtu ambaye babu zenu walipigana na babu zake, sasa mnalipana kwa maneno. Unaweza kumtukana, unaweza kumchukulia kitu chake, naye hana ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ameshindwa.

"Wanyasa hawa," Bibi aliwaambia siku ya kwanza, wakiwa bado wameshika mizigo, "tuliwafukuza kwa mikuki mpaka mkaingia majini. Leo mmerudi wenyewe kuomba chumba!"

"Tuliingia majini, Bibi, tukageuka tukawaona mmesimama ukingoni mnatetemeka," alijibu Baba Edina. "Mngoni mpaka leo akiona maji anakimbia. Ndiyo maana ua huu unanuka."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alikuwa akiingia chumbani kwao na kuondoka na samaki wa kukaanga bila kuomba, naye Baba Edina alimkamata jogoo wa Bibi mchana kweupe na kumchinja mlangoni kwake. Mimi niliyatazama hayo yote nikajifunza somo moja tu: mtani hakasiriki. Nililishika somo hilo kuliko hesabu za shuleni.

Kazi yao ilikuwa pipa. Kila asubuhi Mama Edina na Edina waliteka maji, ndoo baada ya ndoo, wakalijaza pipa la chuma kwenye uwanja ulio karibu na soko. Pipa lilivishwa kanga kuukuu kulizunguka. Edina alikaa nyuma yake kwenye kigoda akipiga ngoma. Mama yake aliimba akizunguka na bakuli. Baba Edina, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Pipa, alivua shati, akajipiga kifua, akaingia na kuzama mpaka utosi. Mfuniko ukawekwa. Kisha, na hapo ndipo watu walipoziba barabara, alichaguliwa mtu mnene kuliko wote kwenye kundi akaketishwa juu ya mfuniko. Edina akapiga ngoma. Baada ya muda tulisikia kisigino kikigonga chuma kutoka ndani, mara tatu: ko, ko, ko. Maana yake mzima bado. Watu wakapiga kelele, bakuli likajaa, na mtu mnene akajisikia mfalme.

Mimi nilikuwa nikipita hapo na sinia la vitumbua vya Bibi. Watu walipaza sauti, "Edina! Edina!" kwa jinsi mikono yake ilivyoruka juu ya ngoma. Hakuna aliyejua jina langu. Jioni moja Bibi alimwangalia Edina akisugua sufuria, akasema, "Laiti Otilia wangu angekuwa na mikono hii." Alisema tu, kama wazee wanavyosema. Sikulala vizuri.

Edina ndiye aliyeniambia siri. Tulikuwa tunaosha vyombo, na nadhani alinipenda, kwa sababu hakuwahi kuwa na rafiki ambaye hakuwa ndugu yake. Baba yake alikuwa na pumzi kweli, alisema, lakini si ya kukaa nyimbo tatu. Juu kidogo ubavuni mwa pipa kulikuwa na tundu lililozibwa kwa lami, na katika tundu hilo ulipita mpira mweusi wa maji. Ncha moja ilikuwa mdomoni mwa baba yake. Nyingine ilipita chini ya kanga ikaishia chini ya sketi ya Edina. Yeye kazi yake haikuwa ngoma. Kazi yake ilikuwa kuulinda mpira usikunjike.

"Apa hutasema," aliniambia.

"Haki ya Mungu sitasema."

Na sikusema. Hilo naweza kujisifia.

Sasa nitawasimulia Jumamosi ile kama ninavyoisimulia siku zote. Soko limejaa, watu wameshuka na mabasi kutoka vijijini. Juu ya mfuniko amekaa muuza nyama mmoja, mtu wa kujaza mlango. Mimi nimeweka sinia chini, nimechuchumaa nyuma ya Edina kama rafiki yake, nimepitisha mkono chini ya kanga. Nikaukunja mpira. Nikambana Mnyasa pumzi! Kidogo tu, utani. Alipogonga nikaachia. Lakini Edina, asiyejua mzaha, akaitupa ngoma, akafunua kanga mbele ya soko zima na kupiga ukunga, "Baba! Baba!" Muuza nyama akaruka, mfuniko ukaanguka, Mzee Pipa akaibuka anakohoa kama mbuzi, na mpira ule ukabaki unaning'inia ubavuni mwa pipa, kila mtu anauona.

Hapo huwa watu wanacheka sana, na ni kweli siku ile walicheka. Kisha wakakasirika. Wakawaita matapeli. Walionyoosha mikono kwenye bakuli kutoa ndio hao hao walioinyoosha kujirudishia, na wengine wakachukua wasichotoa. Mtu akalipiga pipa teke, likabingirika likimwaga maji mpaka mtaroni. Mama Edina hakuwafuata. Alichukua kijiti cha ngoma akampiga nacho mwanawe, mgongoni, mikononi, popote.

"Umetuvua nguo mbele za watu! Mwenzio anakutania, wewe unafunua kanga!"

"Alikuwa hajaachia, mama!"

"Nilikuwa nimeshaachia," nikasema. "Ni utani tu."

Bibi alikuwa amefika kutoka kwenye meza yake ya vitumbua. Sote tukamtazama Baba Edina. Alikuwa amekaa kwenye tope, macho mekundu, maji yanamtoka puani. Alinitazama mimi. Akamtazama Bibi. Akamtazama Edina, aliyekuwa anasubiri neno moja kutoka kwake kuliko alivyosubiri kitu chochote. Kisha akacheka.

"Mngoni huyu!" alisema. "Walitufukuza tukaingia ziwani. Sasa wametufuata mpaka ndani ya pipa!"

Bibi alishika tumbo kwa kicheko. Kijiti kikaendelea kushuka mgongoni kwa Edina. Mimi nikaokota sinia langu, na vitumbua siku ile viliisha vyote.

Jioni Bibi aliwapelekea kuku, kama desturi inavyotaka utani ukizidi. Walimpokea kwa mikono miwili, na kuku akipokelewa maneno yamekwisha. Lakini mchezo ukishajulikana umekufa, hakuna mtu anayelipa kutazama mpira. Wiki iliyofuata walifungua kamba zao zote za darini. Walielekea Tunduru, na baadaye mtu mmoja alituambia amemwona Mzee Pipa upande wa Mbesa akifyatua matofali. Ziwani hawakurudi. Edina alipelekwa kwa watu kufanya kazi za ndani, sikuuliza wapi. Asubuhi ya kuondoka nilimwita, "Haya mtani, nenda ukazame!" Alinisogelea, akanipa mkono, akapiga goti kidogo kama anavyopiga mbele ya mkubwa. "Kwaheri, dada Otilia," akasema. Niliona ameanza kuwa na adabu.

Kisa hicho kikawa mali ya ukoo. Bibi alikisimulia kwenye ubarikio, kwenye harusi, hata kwenye matanga. "Mjukuu wangu alimbana Mnyasa pumzi!" Alipofariki nikakirithi mimi. Najua pa kunyamaza na pa kukohoa.

Mwaka juzi nilikisimulia kwenye chakula cha mchana cha kumuaga mwenzetu kazini. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwanamke, Mnyasa wa huko huko pwani ya ziwa, anaitwa Tabitha. Alicheka mwanzoni, maana mtani lazima acheke. Nilipofika kwenye kijiti cha ngoma akaacha kula.

"Kugonga kwake kulikuwa mara tatu kila siku, sivyo?" akauliza. "Kwa hiyo aligonga mara ngapi ndipo ukaachia?"

"Wewe mtani, ulitaka nihesabu? Sisi Wangoni hatujui hesabu!" nikajibu, na meza nzima ikapasuka kwa kicheko. Tabitha akaendelea kunitazama. Nikanywa soda.

Siku hizi nafikiri sana kuhusu kicheko cha Baba Edina. Utotoni nilikiona kuwa msamaha, tena nilijivunia kwamba niliweza kumchekesha mtu mzima. Sasa mimi nami nina vyumba vya kupangisha, na najua namna mpangaji anavyocheka mbele ya mwenye nyumba. Mtu yule alikuwa na mke, mtoto, na chumba kwa Bibi. Alijua kilichotokea kuliko sisi sote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ndani, akauacha mgongo wa mwanawe ulipie paa. Bibi alinifundisha kwamba mtani hakasiriki. Hakunifundisha nini kinatokea kwa hasira aliyokatazwa, nayo inakwenda kwa nani.

Ninyi siwezi kuwajibu kama nilivyomjibu Tabitha, kwa hiyo nisikilizeni. Aligonga mara tatu, na watu wakashangilia. Akagonga tena, sita, saba, bila mpangilio, na muuza nyama akacheka akisema Mzee Pipa anamkanda matako. Edina aliutoa mkono mmoja kwenye ngoma akanishika kiganja, mkono wa pili bado unapiga, ili watu wasijue. Akaninong'oneza, "Otilia, tafadhali." Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuniomba kitu kwa sauti ile. Nikabana kwa mikono miwili. Ndipo alipoitupa ngoma, akafunua kanga, akaniuma kidole mpaka meno yakakutana na mfupa, na vidole vyangu vikafunguka vyenyewe.

Mimi sikuachia. Na Edina aliponiuma, kisigino kilikuwa kimeshanyamaza.